Rangi Iliyozidi Maji

Nesi alikuwa hajaifuta damu kidoleni mwangu, wifi yangu Kalolaine akainama kuitazama. Mimba yangu ilikuwa ya miezi saba. Akaguna.

"Maji matupu," alisema. "Rangi kama hii nikipaka kwenye ngatu, kesho huoni kitu."

Kwa kupaka rangi ngatu, vile vitambaa vyetu vya magome, hakuna aliyemfikia katika visiwa vyetu vyote vya Vava'u. Rangi aliichemsha mwenyewe, na ikishika imeshika. Basi akajiona anajua kila kimiminika duniani, hata cha mwilini mwangu.

Nesi Siutiti alimweleza taratibu. "Dada, damu ya mjamzito huongezeka, na kinachozidi ni maji yake. Ndiyo maana ni nyepesi, ipite vizuri mpaka kwa mtoto. Tunaowahofia ni wale ambao yao inabaki nzito. Huyu mzima kabisa."

"Nimesikia," akasema Kalolaine.

Jumapili, baada ya kanisa, ukoo mzima umekaa mkekani unakula, akamgeukia mume wangu.

"Semisi, mdogo wangu, mkeo damu yake haimtoshi mwenyewe. Mtoto nitamlea mimi."

Yeye hakujaliwa kuzaa. Nilimwonea huruma kwa hilo, lakini huruma si mtoto. Nilimtazama Semisi, alikuwa anachambua miiba ya samaki kana kwamba hajawahi kuona samaki. Tulipofika nyumbani nikamwambia aseme neno.

"Lavinia, yule ni dada yangu," alinijibu. "Nitamkataliaje?"

Kwetu Tonga shangazi hakataliwi. Akitaka mkeka ni wake, akitaka nguruwe ni wake. Mimi nilikuwa mtu wa kuja tu.

Toakase alizaliwa na mashavu yamejaa, sauti inasikika barabarani. Hakuna aliyeuliza maji matupu yamezaaje mtoto wa namna ile. Alipoachishwa ziwa wakamfunga ndani ya ngatu, ya rangi iliyokolea, wakaenda naye kwa Kalolaine. Maziwa yaliendelea kunichuruzika mpaka nguo zikanuka. Semisi sasa ameshakufa, nami nilimlilia ipasavyo, ila lile la samaki sijamsamehe.

Mwaka huu Toakase naye ni mjamzito. Niliwafuata kliniki, yeye na Kalolaine, nikakaa benchi la nyuma. Nesi ni mwingine sasa, binti mdogo. Alipima, akasema damu imekuwa nyepesi kidogo, wala wasiwe na wasiwasi.

"Wasiwasi wa nini?" Kalolaine akacheka, anampapasa Toakase mgongoni. "Kinachozidi ni maji yake, mwanangu. Inakuwa nyepesi ipite vizuri mpaka kwa mtoto. Wa kuhofia ni wale ambao yao inabaki nzito. Wewe mzima kabisa."

Maneno ya Nesi Siutiti, neno kwa neno. Miaka yote ile alikuwa nayo.

Nesi akamsifu kwa kujua mambo. Toakase akainuka, ameshika kiuno, akaniona.

"Mama mdogo, kumbe upo," alisema. "Hebu nishikie mkoba, nimsaidie mama kushuka ngazi."

Nikaupokea.