Mtu Wako Ameshindwa

Fundi wa simu alikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, ameinamia simu ya mteja, kioo kimeshatolewa na betri imewekwa pembeni, pale kifungo cha mkono wa shati lake kilipokatika na kudondokea ndani ya ile simu. Alikitoa kwa kibano, akakiweka kwenye kizibo cha chupa pamoja na skrubu ndogo ndogo, akaendelea na kazi. Mteja mwenyewe, muuza nguo mmoja mwenye haraka zake, alikuwa benchini akimtazama. Ndipo mke wa fundi, ambaye alizikwa wiki iliyotangulia, akaingia kwa mlango wa jikoni, akafungua droo ya kabati na kutoa sindano mahali pale pale alipoiacha.

"Vua shati," alimwambia mumewe.

Fundi akavua, akabaki na fulana. Muuza nguo alimsalimu marehemu, akaitikiwa vizuri. Baada ya hapo hakujua aseme nini, maana pole ya msiba alikwisha kumpa fundi alipoingia, lakini hakuona ubaya kuitoa mara mbili.

"Pole sana na wewe, dada."

"Nimeshapoa," alijibu mke wa fundi, akalamba ncha ya uzi.

Kifungo kilipokwisha kurudi mahali pake alirudi jikoni, akaosha kikombe kilichokuwa kwenye sinki, akalitazama jiko, akaguna, akatoka kwa mlango aliojia. Muuza nguo aliuliza simu yake itakuwa tayari saa ngapi.

Huyu fundi alikuwa mtu wa kwenda na wakati. Ujana wake wote alitengeneza redio. Redio zilipopungua akahamia kwenye televisheni, zile nene zenye mgongo, na zilipokuja nyembamba akazijua nazo. Simu zilipoingia mtaani wenzake walisema vitu hivyo havina maisha marefu. Yeye akanunua lenzi na kibano, akajifungia chumba cha mbele mpaka akavielewa. Kila alichokijua kilikuja kupitwa na wakati, na kila mara alianza upya bila kununa. Kilichobaki vilevile miaka yote hiyo ni upande wa pili wa ukuta, kule jikoni. Huko mkewe alikuwa akifanya yale yale aliyokuwa akiyafanya enzi za redio, na fundi alijua mambo mawili tu: pa kukaa na saa ya chakula. Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Alisema asante kwa kila sahani, na alimaanisha.

Binti yao, aliyekuwa akifanya kazi ofisini katika mji mwingine, hakutaka baba yake ateseke. Alimtumia sufuria ya umeme inayosema kwa sauti ya kike kwamba wali uko tayari, mashine ya kufulia inayotuma ujumbe kwenye simu ikimaliza, na friji yenye taa ya kijani ya kuonyesha kwamba vilivyomo ni vizima. "Baba anaelewa mashine kuliko mtaa mzima," aliwaambia wenzake ofisini. "Tatizo litoke wapi?"

Na kweli, siku ya kwanza fundi aliifungua ile sufuria, akaitazama tumboni, akaona waya mmoja haukuchomelewa vizuri, akauchomelea. Kisha akamimina mchele, akamimina maji, akabonyeza. Sufuria iliposema wali uko tayari, alijibu "asante, mama" kwa mazoea, akafunua. Ndani kulikuwa na uji wenye mawe. Sufuria haikusema uongo, ila haikuambiwa kwamba mchele huchaguliwa kwanza, na kwamba maji nayo yana kipimo chake.

Mkewe alifika kabla mvuke haujaisha.

"Hata mchele?" aliuliza.

"Nilidhani unakuja umeshachaguliwa," alisema fundi.

Ndipo mkewe akaketi kwenye kigoda cha jikoni na kumweleza mambo yalivyo. Huko aliko kuna mapokezi, na mapokezi kuna mzee mmoja mwenye sauti nzito. Kazi yake ni kuita. Husimama mlangoni akasema, fulani, mtu wako ameshindwa, na aliyeitwa hana budi kuinuka na kwenda. Wengi huitwa siku za mwanzo, zaidi kwa sababu ya funguo na namba za siri, halafu walio hai wanajizoeza na wito unakoma. Yeye alikuwa anaitwa asubuhi, mchana na jioni.

"Nimepewa kiti," alisema. "Kizuri, kina mito, kiko dirishani. Sijakikalia hata kikapata joto. Dada yangu ananiwekea mkoba wake juu yake ili kisichukuliwe, lakini watu wanaingia kila siku, na wanakitazama."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nitakufundisha. Nikae."

Alimfundisha vizuri, kwa sababu alikuwa mwalimu mzuri na fundi alikuwa mwanafunzi mzuri. Alimwonyesha kuchagua mchele kwenye sinia, kuutikisa mpaka mawe yajitenge, na kupima maji kwa pingili ya kidole. Alimwonyesha kunoa kisu kwenye kitako cha kikombe cha udongo, na kupiga pasi ukianza na kola. Siku moja taa ya friji ilikuwa kijani kama kawaida. Mkewe alimnusisha maziwa, akamwambia aamini pua. Sinki lilipoziba, kabla fundi hajaita mtu wa mabomba, alimshikisha waya na kumwonyesha pa kuupitisha. Fundi alicheka. Ile ilikuwa kazi ya kutafuta hitilafu, na hitilafu alizijua.

Jirani, mama mmoja mnene mwenye maneno, alikuwa akiwasikia kutoka upande wake wa ukuta. Mara nyingine alimwita marehemu kumuuliza habari za doa la mafuta au za unga ulioingia wadudu.

"Lakini wewe, jirani, wamekupa kazi mpaka huko?" alimuuliza siku moja. "Mimi wa kwangu alitangulia. Ndiyo maana unaniona nimenawiri."

Mke wa fundi alicheka mpaka akashika ukuta.

Fundi alikuja kugundua jambo lenyewe kwenye wali. Tangu siku alipopika wali ulioiva sawasawa, kila punje peke yake, mkewe hakuja tena mchana. Alipojua pasi, ikafa ziara ya Jumapili. Alipojua kunusa maziwa, asubuhi zikawa tupu. Aliketi mezani na sahani ya wali mzuri, akala, ukamnogea, akainua uso kusema asante, na mbele yake kulikuwa na ukuta. Alimpenda mkewe kuliko alivyowahi kumwambia, na sasa aliona kila anachokijua kinamfungia mlango.

Ikabaki kazi moja, vifungo. Mkewe alimwonyesha jinsi ya kutunga uzi, kupitisha sindano kwenye matundu manne, kukiacha kifungo kiinuke kidogo juu ya kitambaa, kukizungushia uzi shingoni na kupiga fundo kwa chini. Fundi alitazama kwa makini. Kisha akasema hawezi.

"Huwezi nini?"

"Tundu la sindano. Silioni. Macho."

Juu ya meza yake kulikuwa na simu iliyofunguliwa, na kando yake waya mwembamba kuliko unywele, alioutandika mwenyewe asubuhi ile. Mkewe aliitazama simu, akamtazama yeye, akachukua sindano na kushona.

Tangu hapo mashati ya fundi yaliingiwa na ugonjwa. Vifungo vilikatika vya kola, vya kifua, vya mikono, hata vya shati jipya ambalo binti alilituma likiwa bado kwenye karatasi yake. Jirani alimwona uani, amejikunyata nyuma ya tangi la maji na kiwembe chake cha kazi, akikata kifungo baada ya kifungo kwa utaratibu. Jirani alijitia hamnazo, akaendelea kuanika. Na kila kifungo kilipodondoka, mlango wa jikoni ulifunguka.

Yalikuwa maisha mazuri. Mkewe alishona, fundi alivuta kiti chake karibu akamsimulia nani kaleta simu iliyotumbukia ndoo na nani kaoa. Mkewe naye alisimulia ya huko: kwamba hawali, kwamba dada yake bado anapenda ugomvi, kwamba mkoba juu ya kiti umeanza kulalamikiwa. Hilo la mwisho alilisema kwa upole, akikaza fundo. Fundi alisema, "Watu bwana," akabadilisha mazungumzo.

Binti alikuja Jumamosi moja bila taarifa. Alimkuta mama yake kwenye kigoda, mgongo umepinda, rundo la mashati mapajani.

"Mama, umekonda."

"Huko hatuli, mwanangu. Habari za kazi?"

Walikaa pamoja wakazungumza, wakashikana mikono, na binti alilia kidogo kwa furaha. Kisha alikwenda chumba cha mbele, akafunga mlango, akasimama mbele ya meza ya baba yake.

"Baba, hujui kushona kifungo?"

"Macho, mwanangu."

"Macho haya yanayotengeneza simu za mtaa mzima?"

Fundi alishika bisibisi, akaiweka chini.

"Mama hakuwahi kukaa katika nyumba hii," alisema binti. "Mimi nimekua namwona anakula amesimama. Sasa wamempa kiti, baba. Mwache akae."

"Akikaa hatakuja tena," alisema fundi.

 Binti naye, njia nzima ndani ya basi, alikuwa akiomba amkute mama yake. Alimbusu baba yake kichwani. Alipokuwa anaondoka alipitia jikoni kuaga, akasita, akafungua begi lake akatoa sketi ya kazini iliyofumuka pindo.

"Mama, kwa kuwa sindano unayo mkononi."

"Lete," alisema mama yake.

Fundi aliliona lile akiwa mlangoni. Hakulala vizuri, na asubuhi yake, kabla hajafungua kazi, alitandika shati mezani chini ya taa. Uzi ulipita kwenye sindano mara ya kwanza. Alishona kifungo cha mkono, akakiacha kiinuke, akakizungushia uzi shingoni, akapiga fundo. Alikivuta kukijaribu, kikashika. Ilikuwa kazi safi, na aliifurahia kama anavyoifurahia simu iliyowaka baada ya kila mtu kusema imekufa. Alilivaa lile shati, akafungua mlango wa wateja.

Asubuhi ilipita. Mchana sufuria ilitangaza wali, fundi akala. Aliosha sahani, akaifuta, akairudisha kabatini. Alasiri alikwenda jikoni akasimama karibu na kigoda, akarudi mbele, akaenda tena. Hakuna aliyeshindwa na chochote katika nyumba ile. Kila kitu kilikuwa safi na mahali pake, na fundi hakuweza kustahimili. Alichukua kiwembe akakata uzi kwenye mkono wa shati alilolivaa, na kifungo hakijatulia sakafuni mlango ukafunguka.

Mkewe aliingia anahema kidogo. Aliushika mkono wa mumewe, akaugeuza kwenye mwanga, akauona uzi uliobaki, umekatwa sawasawa, na fundo dogo chini ya kitambaa. Alilipapasa lile fundo kwa kidole. Lilikuwa fundo lake, alilolifundisha yeye, ila lilikuwa dogo kuliko lake na lilikazwa vizuri zaidi.

"Leo nilikaa," alisema. "Asubuhi nzima na mchana. Dirisha lile linaangalia bustani, wala sikuwa najua."

Fundi alikitazama kifungo sakafuni.

"Wameniambia nikinyanyuka leo kiti anapewa mwingine. Nikanyanyuka kwa kuwa nimeitwa, na anayeitwa huinuka. Lakini yule mzee wa mapokezi amenionea huruma. Amesema nikuulize wewe mwenyewe, mara moja tu, na jibu lako atalichukua lilivyo. Ukiwa unajua, hataniita tena, nami nitarudi nikikute kiti changu." Aliuachia mkono wake. "Sasa, mzee, nakuuliza. Unajua kushona kifungo, au hujui?"

Katika maisha yao fundi hakuwahi kumdanganya mkewe jambo la maana. Alimtazama. Alimpenda, alimhurumia, aliona haya, na alitamani mno akae pale jikoni, na katika hayo yote la mwisho ndilo lililokuwa na nguvu.

"Sijui," alisema.

Mkewe alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei aliyokuwa akiitarajia. Alilipokea shati mumewe alipolivua, akavuta kigoda chini ya dirisha, akakata uzi, akainua sindano. Aliisogeza karibu na uso, akaisogeza mbali. Uzi ulipita kando ya tundu. Aliulamba tena, akajaribu tena, ukapita kando. Alihamia upande wenye mwanga zaidi, akakunja uso, akajaribu tena. Fundi, ambaye angeweza kuutunga uzi ule amefumba macho, aliketi kwenye kiti chake na mikono magotini, akamsubiri.