Mlango wa Dereva

Mambo yaliharibika Ijumaa, siku ya ukaguzi. Fundi, mgane asiyemwamini mkubwa yeyote, alikuwa amekipunguzia uzito kigari chake kwa ajili ya mbio zake za kwanza. Aling'oa viti vya nyuma, mazulia, vipini vya vioo, hata vitasa vya ndani.

“Funga mlango, kisha shuka haraka tuone,” mkaguzi akamwamuru Fundi aliyekuwa ameketi kwenye usukani.

Fundi akafunga. Akapapasa palipokuwa na kitasa, asipate cha kushika.

“Si nyie wakubwa mliosema gari liwe jepesi?” akafoka.

“Mchimba kisima huingia mwenyewe, shemeji!” akasema mdogo wa marehemu mkewe, mbavu hana kwa kicheko. “Dada alikuwa akikufungulia hadi kopo la sukari.” Akamfungulia mlango kwa nje.

“Asiyeweza kutoka garini hashindani,” mkaguzi akasema. “Rudisha kitasa.”

“Nimeshaviuza vyote kama chuma chakavu.”

“Basi rudi nyumbani.”

Fundi hakukubali kirahisi hivyo. Alishuka, akapiga mlango kofi, akauliza swali ambalo mkaguzi na mkubwa wake wanasukumiana hadi sasa: “Sheria yenu inasema dereva atoke, au inasema atoke bila shemeji yake?”