Ng'ombe wa Barabara ya Siongiroi

Siku ya sita tangu Ojwang amguse yule ng'ombe kwa lori, nyumba yake pale laini ya wafanyakazi ilijaa watu hadi mlangoni. Jumapili, kanisa limekwisha, mvua inanyesha na chai iko. Nani angebaki kwake? Mkewe Syprose alikuwa amechoka kuosha vikombe, na Ojwang alikuwa amechoka kusimulia.

"Sema tena," akadai Nyambeki, jirani yao. "Alianguka au hakuanguka?"

"Alipiga magoti tu, mama. Akainuka, akaendelea kula majani. Mwenyewe akamshika mguu, akautazama, akaniambia niende kwa amani. Tukapeana mkono."

"Basi yamekwisha! Sasa uso huo wa matanga ni wa nini?"

Sababu ilikuwa Ratemo. Ratemo, karani wa ofisi ya shamba, alikuwa amekaa pembeni, kofia magotini. Ndiye aliyewasomea karatasi ya bima ya lori: jambo lolote la barabarani, hata dogo, liandikwe ndani ya siku saba. Lisipoandikwa, na mtu akaja kudai baadaye, bima hailipi, na bwana wa shamba anajua pa kumtafuta dereva.

Lakini likiandikwa, bwana ataliona. Ojwang alikuwa turniboi, msaidizi wa dereva, miaka minne, akipakia makasha ya chai na kuyasindikiza hadi stesheni ya Londiani, ndipo akapewa usukani. Dereva mwenye doa huondolewa garini, akapewa shoka apasue kuni za kiwanda.

"Nyamaza tu, shemeji," Nyambeki akasema. "Lori halina hata mkwaruzo. Nani atajua?"

"Anayejua ni mwenye ng'ombe, naye amenisamehe."

Ratemo akaweka kikombe chini. "Ni wake?"

"Si alikuwa anachunga?"

"Sijauliza nani anachunga. Baba yangu kule Gusii ana ng'ombe saba, na walio bomani kwake ni watatu. Wengine wako kwa marafiki, ili ugonjwa ukiingia huku, wa kule wapone. Hawa Wakipsigis wanafanya hivyo hivyo. Na nyinyi Wajaluo pia, usinidanganye."

Mtamba wa Ojwang mwenyewe alikuwa kwa mjomba wake Nyakach, na mjomba huyo hangesamehe hata jani lililomkwaruza mtamba huyo bila kumletea Ojwang habari.

"Yule mtu alisema atawaambia," Ojwang akatamka polepole. "Nikadhani anasema watoto wake, kumbe wenye ng'ombe."

"Yesu wangu," akasema Syprose.

Ojwang akajifuta uso kwa viganja. "Ratemo, kalamu unayo?"

"Ofisi ni kesho, ndugu."

"Andika leo. Kesho nitakuwa nimegeuka."

Jumatatu bwana aliisoma karatasi akiwa amesimama, akatia sahihi, akasema lori litaendeshwa na mwingine mpaka watu wa bima wajibu kutoka Nairobi. Hakufoka. Hakusema watajibu lini.

Jioni nyumba ikajaa tena, kila mtu anataka kusikia. Ojwang aliingia na vibanzi vya kuni kwenye nywele, akaketi kitandani.

"Haya, amesemaje?" Nyambeki akauliza.

"Amenipa shoka," Ojwang akajibu, akajilaza, na usingizi ukamchukua hapo hapo.

"Sasa hii ndiyo nini? Hata hajamaliza!"

"Mwache," Syprose akasema, akimfunika blanketi. "Kunyweni chai. Lakini polepole."