Machicha Bwawani

Mifupa ya Severino ilipofika kijijini Oli kutoka Zaire, alikofia ukimbizini, ndugu yake Draku alishika jembe akang'oa magimbi na mboga zote za dodo za Eyotaru, mjane wa marehemu. Ngoma ya matanga huchezwa kando ya kaburi, na kando ya kaburi ndipo palipokuwa na bustani.

"Shemeji, hiyo bustani ndiyo inaosha maji ya bwawa," Eyotaru alimwambia.

"Maji ya samaki iko naoshwa?" Draku akacheka mpaka wapiga ngoma wakageuka. "Na sabuni gani?"

Tangu Eyotaru arudi kutoka ukimbizini, bwawa lile ndilo lililomlisha yeye na binti yake Pasca kila kiangazi. Asubuhi aliteka maji mazito kwa debe, akayamwaga juu ya matuta. Mizizi ilifyonza kinyesi cha samaki, mboga zikashiba, maji yakarudi bwawani mepesi kwa mfereji. Sasa mfereji ulikuwa umefukiwa, na miguu ya wachezaji ilikuwa imetwanga ardhi ikawa ngumu kama sakafu.

Kisha wanawake wa ukoo wakapika kwete, pombe ya mahindi, na machicha yote wakayabeba kwa beseni kwenda kuyamwaga bwawani, samaki wanone kabla ya wageni kufika. Eyotaru angeweza kusimama mbele yao. Lakini mjane anayebania karamu ya mumewe huanza kuulizwa mumewe alikufaje. Akawapisha.

"Dada, maji yako imeanza kunuka," alisema Madina, jirani yake aliyetoka Koboko. Yalikuwa ya kijani. Yakageuka rangi ya majani ya chai, na povu pembeni.

Alfajiri ya matanga, samaki wote walikuwa juu, vinywa wazi, wakimeza hewa.

"Tazameni!" Draku akapaza sauti. "Wameamka kumsalimu Severino!"

Wageni wakapiga vigelegele.

"Wanakosa pumzi!" Eyotaru alilia, ngoma ikammeza sauti. Yeye na Madina wakakimbilia mtoni, wakaleta maji kwa ndoo, wakamwaga, wakarudi tena. Kila waliporudi, matumbo meupe yalikuwa yameongezeka. Draku akatuma vijana na vikapu. "Leo hakuna mtu kulala njaa!"

Eyotaru akaingia bwawani na nguo zake. Akapapasa matopeni, akawaokota wachache waliokuwa bado wanapiga mkia, wa kuzalisha wengine, akawatia katika chungu cha pombe kilichojaa maji ya mto. Akakificha nyumbani, akakifunika kwa ungo.

Jua lilipopanda, wageni wengine, wa kutoka Kuluva, wakafika. Samaki wa vikapuni walikuwa wameliwa mpaka vichwa. Draku akasimama mlangoni kwa Eyotaru na kisu.

"Fungua chungu, mama Pasca."

"Waambie wageni samaki imeisha."

"Unamnyima marehemu?"

"Marehemu ameshiba. Pasca atakula nini kiangazi?"

Draku akamtazama, kisha akatazama kisu. "Sawa. Kiangazi ikikuuma, kwangu usibishe hodi. Wewe na mtoto wako. Watu wote iko nasikia."

Nje, ngoma ilikuwa imenyamaza. Draku alipoondoka hakuna aliyemfuata, na hakuna aliyeingia kumpa mjane mkono. Eyotaru akakikumbatia chungu. Ndani, mkia uligonga udongo mara moja, kwa unyonge. Akaweka sikio kwenye ungo, akangoja ugonge tena.