Anwani za Marehemu Florian

Jibu la wasajili wa anwani za mtandao lilimkuta Scholastika ofisini kwake Iringo, Musoma mjini. Kila shule au zahanati anayoifungia intaneti hudai anwani yake, yaani namba, na namba hizo Afrika nzima zimebaki za kugombania. Aliomba nyongeza. Wakamjibu: fungu lenu la namba za Bunda limekaa bure; litumieni kwanza mwezi huu, ama ombi lifungwe, mkaanze upya nyuma ya foleni.

Alisoma, asihisi kitu. Tangu amzike mumewe Florian, hata chai ya moto aliimeza tu.

Fungu lile lilikuwa mikononi mwa Florian. Mnara wa intaneti wa Bunda, ambao namba hizo zingetumika, aliusimamisha mwenyewe, akafa hajauwasha. Na kwa wakwe zake Butiama, kazi aliyoiacha marehemu haiguswi mpaka ukoo ukae kumaliza msiba. Nao ukoo ungekaa baada ya mavuno, mwezi ukiwa umeshapita.

"Shemeji, tuwaandikie tu zinatumika," alisema Gibson, mdogo wa marehemu. "Kwani watakuja Bunda kuchungulia?"

"Wanaonaga hukohuko waliko. Namba isiyowashwa haijifichi."

Wakaenda Butiama kwa mama mkwe, Penina, kuomba ruhusa, wakamkuta anamenya mihogo.

"Hizo namba zinaliwa?" aliuliza.

"Haziliwi, mama. Ni kama kiwanja. Asiye nacho, mtandaoni hana kwao."

Penina akamaliza muhogo aliokuwa anaumenya. Kisha: "Kitendawili!"

"Tega, mama."

"Kiti changu kitupu, wageni wangu wamesimama."

Scholastika alilijua jibu. Hakutaka kulitamka. "Nimeshindwa."

"Basi nipe mji."

Ndiyo desturi: ukishindwa unatoa mji, na aliyetega anausafiri kwa maneno.

"Nakupa Bunda," alisema Scholastika.

"Bunda nimeipokea! Nimefika, nimekula sato, nimeukuta mnara wa Florian wangu umelala. Nikauwasha mimi, mama yake." Akafuta macho kwa kiwiko. "Jibu ni kiti cha marehemu. Nendeni, wanangu. Ukoo nitaujibu mimi."

Gibson akageukia ukutani, akalia.

Kesho yake, Bunda, Scholastika aliipa zahanati namba ya kwanza. Taa ya kijani ikawaka. Muuguzi akapiga vigelegele, akauliza mnara ni wa nani.

"Wa mume wangu," akasema, akaendelea na namba ya pili.

Fungu lilipokwisha kugawiwa, wasajili wakaandika: ombi lenu limebaki kwenye foleni, subirini zamu.

"Shemeji, furahi basi!" Gibson alimshika mkono.

"Nitafurahi," akasema, kama mtu anayeahidi kupita siku nyingine, akaanza kukunja nyaya zilizobaki.