Kaburi la Udongo wa Kalengera

Wanakwaya wa Keshero wanafika kanisani mbele ya watu wengine, sababu ngoma inapaswa kuanikwa kwanza juani ili ngozi ikaze. Jumapili ile kina mama walikuwa wakifungana vitambaa vya njano kichwani wakati Kambere alipoingia kwa mulango wa pembeni. Alivaa koti lile lile la siku alipopanda lori kwenda kununua maharagwe Kalengera na asirudi. Akaenda moja kwa moja kwenye benchi ya besi.

"Donat, sogea," akasema Gisèle, mwenye kuongoza kwaya. "Muzee amefuata nafasi yake."

Donat akasogea. Wakaanza kuimba, na Kambere akakokota wimbo nyuma ya wenzake, kama zamani.

"Papa Kambere!" Gisèle akapiga makofi. "Hata kufa hakukukufundisha kufuata ngoma?"

Watu wakacheka. Katungu, muke wa Kambere, akacheka naye, halafu akafuta macho. Alikuwa amesahau kwamba sauti ile inatetemesha ubao wa benchi. Kule Butembo, wangali vijana, aliisikia hivyo kila asubuhi kupitia ukuta wa mbao, bwana yake akinyoa ndevu.

Jambo moja tu lilimusumbua. Matanga ya Kambere hayakuwa yamemalizika, maana hapakuwa na kaburi. Ilipofika saa ya kupeana amani, akavuka mabenchi, akamushika mukono.

"Baba Julien, walikuacha wapi?"

"Amani ya Kristo," Kambere akajibu. Hakuwa tena na maneno mengine ila ya misa.

Lakini alipoachia mukono, udongo ulibaki katika kiganja cha Katungu, wa kahawia, mulaini. Miaka yote alichambua maharagwe ya bwana yake, na udongo huo ndio uliokuwa ukibaki kwenye ungo. Wa Kalengera.

Julien, mutoto wake mukubwa, akataka warudi kwenye biro kushitaki.

"Si ulishakwenda?" Katungu akauliza. "Walikuambia nini?"

"Nirudi Lundi."

"Lundi gani?"

Julien akahesabu kwa vidole Jumatatu zilizokwisha kupita. Kule barabarani, waliomushusha baba yake kwenye lori walikuwa wangali kwenye bariera ile ile ya kuzuia magari, na wapita njia waliwasalimia vizuri.

Basi kila Jumapili Katungu alipokea amani, akafumba kiganja mpaka nyumbani, akamwaga udongo nyuma ya nyumba. Kiwanja ni jiwe la volkano tupu, jembe linavunjikia pale, kwa hiyo kaburi halikuchimbwa. Lilikua kwenda juu. Na usingizi ukamurudia. Alipoimba pamoja na besi ile, moyo wake ulikaa chini, ukavua viatu. Aliona kwamba Mungu anayeshika moto wa mulima Nyiragongo mukononi mwake hawezi kukosa pa kumulaza mutu mmoja.

Siku moja akamuendea Padiri Birindwa sakristiani.

"Padiri, naomba maji ya baraka. Bwana yangu amefika."

"Mwili wote?"

"Bado kidogo. Lakini musalaba unaweza kusimama."

Padiri akachukua stola yake, wakaenda. Kaburi likabarikiwa, watu wakala ugali na mboga ya sombe, matanga yakaisha. Jumapili iliyofuata nafasi ya Kambere ilikuwa wazi, na Donat akajinyoosha.

Kabla ya wimbo wa Utukufu, mwanamuke asiyejulikana akaingia kwa mulango wa pembeni, na kiatu kimoja mguuni.

"Sauti gani, mama?" Gisèle akauliza.

Mwanamuke akaimba kidogo.

"Alto. Kaa pale."

Saa ya amani akanyoosha mukono juu ya mabenchi, na vidole vyake vilikuwa na udongo mweupe. Padiri akauliza kutoka altareni nani anaujua udongo ule. Watu wakatazamana.

Mukono ulibaki umenyooshwa. Katungu akasimama, akaupokea, akasema, "Amani ya Kristo, mama." Halafu akafungua kitambaa chake cha kichwa, akafunga udongo ule ndani, ili ndugu za mwanamuke yule watakapokuja waukute haujachanganyika.