Gari la Rangi Mbili

Gari la tatu la mikate lilichomwa asubuhi peupe, dereva wake akapasuliwa kichwa kwa nondo. Kosa lake? Gari jekundu, rangi ya kiwanda miaka nenda miaka rudi, limepita mbele ya watu wa chama cha buluu.

"Wewe ndiye msemaji wa kiwanda," bosi alifoka. "Basi sema!"

Msemaji alikwisha kusema hadi koo likamkauka. Alisema redioni kwamba mkate hauna chama. Wa buluu wakamtukana, wa chama pinzani cha nyekundu wakamwita kigeugeu. Ndipo akapata wazo. Barabara ya kutoka kiwandani kwenda sokoni ina wa nyekundu kushoto na wa buluu kulia. Gari lipakwe rangi mbili, kila upande uone yake.

Dereva wa gari hilo alikuwa kaka wa mke wa msemaji. Aliitazama rangi mbichi, akasonya.

"Shemeji, unataka dada yangu anililie?"

"Endesha, acha uoga. Watakupigia makofi."

Makofi yakapigwa kweli. Picha zikaingia kwenye simu: kushoto wanashangilia, kulia wanashangilia. Bosi akampiga msemaji begani.

"Kichwa hicho!"

Msemaji akacheka, kisha kicheko kikamkwama. Aendaye sokoni hurudi. Na gari likirudi, ubavu mwekundu utawatazama wa buluu, na ubavu wa buluu utawatazama wa nyekundu.

Akapiga simu. "Usigeuze! Rudi kinyumenyume!"

"Nimeshageuza, shemeji! Nakaribia geti, wananipi..." Kioo kikapasuka, simu ikakatika.

Alitoka mbio. Hatua chache nje ya geti alikuta mlango wa gari umeng'olewa, shemeji yake ameburutwa chini, meno yametapakaa kwenye lami. Tangu uchaguzi, hii ndiyo kazi ya kwanza pande mbili kuifanya pamoja: wa nyekundu ameshika miguu, wa buluu anashusha rungu.

"Msaliti!" walipiga kelele wote.

Msemaji akajitupa juu yake. Rungu likamvunja mkono, ukalia kama kuni kavu.

"Mwacheni! Huyu katumwa tu! Rangi niliiwaza mimi!"

"Wewe nani?"

"Mimi ndiye yule wa redioni."

Wakaitambua sauti. Buti likamzama mbavuni, likafuata la pili, kisha mtu akamkanyaga uso. Kati ya miguu yao alimwona shemeji yake akitambaa kuelekea getini, akiburuta mguu, damu ikimfuata. Mlinzi alikuwa amefungua kidogo, anamwita kwa mkono. Kijana mmoja akageuka kumtazama.

"We mjinga!" msemaji akamwita. "Mama yako alizaa nini?"

Kijana akarudi kwake. Msemaji akaendelea, mdomo umejaa damu. Akawatukana wa nyekundu, akawatukana wa buluu, mama zao na viongozi wao, bila upendeleo, mpaka aliposikia komeo la geti likiingia.